Somo: Kuunga na kupaka rangi bodi ya povu ya helikopta ndogo

Somo hili ni la wenye helikopta ya rimoti ya saizi ya 450, yaani yenye panga za milimita 325 hivi. Bodi ni ganda la kuivisha mashine ifanane na ndege halisi. Nimechagua ya Bell 206 JetRanger, ndege iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1966, kwa sababu ile halisi nayo ina panga mbili tu juu. Hughes 500 inapendeza, lakini panga zake ni nne au tano. Ukiivisha mashine ya panga mbili, wenye macho watacheka.

1. Lijue povu lako. EPS ni lile jeupe la punje linalokuja na televisheni mpya. Supa gluu ya kawaida inalila. EPO, aina nyingine ya povu, linanesa kidogo na huvumilia zaidi. Huna uhakika? Tia tone moja upande wa ndani, usubiri.

2. Jaribu bila gundi. Hapa ndipo kazi ilipo, usikimbie. Shika pande mbili za bodi kwa tepu ya karatasi, mashine yote ikiwa ndani pamoja na betri. Chomoa waya za mota, kisha sukuma stiki za rimoti mpaka mwisho kila upande. Fimbo za kuongozea panga zisiguse ukingo wa tundu la juu ya bodi hata kidogo. Toboa njia ya hewa puani na nyingine kubwa zaidi nyuma, la sivyo mota na kidhibiti chake vitapikika. Skrubu haishiki kwenye povu: bandika vipande vya plaiwudi ya milimita 2 kila itakapoingia.

3. Unga. Tumia gundi ya epoksi ya dakika 30, si ya dakika 5, upate muda wa kulinganisha pande. Paka nyembamba. Inayochuruzika ifute kwa spiriti kabla haijashika.

4. Lainisha. Ziba mashimo kwa pati nyepesi, kisha msasa namba 240, halafu 400. EPO ukilikwangua kwa nguvu linang'oka punje. Ukitaka ngozi ngumu, tandaza kitambaa cha faibaglasi cha gramu 25 kwa mita ya mraba, ulowanishe kwa vanishi ya maji. Mkiani jibane: gramu 5 zilizo sentimita 40 nyuma ya shafti ya panga za juu zinadai gramu 20 sentimita 10 mbele yake ili mizani ikae sawa.

5. Rangi. Ya maji, makoti membamba. Basi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nina vanishi ya mbao nyumbani, itafaa?*
Soma kopo. Likisema brashi ioshwe kwa thina, iache. Likisema maji, tumia.

*Fundi, tangu niivishe bodi, mkia unatikisika kushoto kulia. Jairo, kile kifaa cha kutuliza mkia, imekufa?*
Sidhani, kaka. Angalia kwanza kama bodi au waya inaigusa jairo. Kama hakuna, punguza geini, yaani ukali wa jairo, kidogo kidogo mpaka mkia utulie.

*Naweza kuipaka nyeusi yote?*
Unaweza, ila usiiache juani au ndani ya gari lililofungwa. Rangi nyeusi hunyonya joto na povu huvimba. Mimi ningeweka nyeupe juu, nyeusi tumboni. Hata ikiwa mbali angani utajua imeelekea wapi.

*Betri naitoaje bodi ikishaungwa?*
Usiunge pua. Ishikilie kwa sumaku ndogo nne.