Jinsi ya Kuongoza Matembezi ya Kila Mwezi ya Kutazama Ndege Kwenye Uwanja wa Gofu

Uwanja wa gofu una mabwawa, miti mikubwa na vichaka vya pembeni, vyote ndani ya mwendo wa saa mbili. Tatizo ni kwamba umejengwa kwa ajili ya wachezaji. Ukitaka mwaliko wenu udumu, panga kila kitu kwa namna ambayo wachezaji hawatawaona kuwa kero.

Hatua ya 1: Pata ruhusa kabla ya kutafuta watu

Mwendee meneja wa uwanja, omba siku moja ya kudumu kila mwezi, na ruhusa iwe ya maandishi. Atakuuliza mtapita wapi, mtatoka saa ngapi, na nani atawajibika mtu akipigwa na mpira. Nenda na majibu mkononi. Kama uwanja una siku ya kufungwa kwa matengenezo na watu wako wanaweza kuja siku hiyo, ichukue bila kufikiri mara mbili.

Kisha kaa na watunza nyasi. Hao ndio wanaojua bundi analala mti gani, mitambo ya maji hufunguliwa saa ngapi, na lini dawa ya wadudu itapulizwa. Siku ya dawa, ahirisheni.

Hatua ya 2: Chora njia kwa kufuata mchezo unavyokwenda

Hapa usilipue. Uwanja kamili una mashimo 18, yaani vipande 18 vya mchezo, kila kimoja kikianzia mahali pa kupigia mpira wa kwanza na kuishia kwenye kishimo chenye bendera, na mzunguko mzima huchukua takriban saa nne. Wachezaji wa kwanza wakianzia shimo la 1 alfajiri, mashimo ya 10 hadi 18 hubaki matupu kwa karibu saa mbili. Anzieni huko. Lakini uliza kwanza, kwa sababu siku nyingine wachezaji huanzia shimo la 1 na la 10 kwa pamoja.

Mkilazimika kupita penye mchezo, tembeeni mkiwakabili wachezaji, yaani kutoka kwenye bendera kwenda mahali pa kupigia mpira wa kwanza, ili mwone kinachokuja. Mpira wa mchezaji wa mkono wa kulia ambaye bado si mahiri mara nyingi hupinda kulia kwake. Kwa hiyo shikeni ukingo ulio upande wenu wa kulia, karibu na miti. Si kinga kamili, ila ni bora kuliko ule mwingine.

Hatua ya 3: Toa masharti kabla ya kuondoka

Watu kumi hadi kumi na watano wanatosha. Waambie haya:

- Viatu viwe vya soli bapa. Hakuna kukanyaga grini (nyasi fupi kabisa zinazozunguka bendera) wala mashimo ya mchanga.
- Mchezaji akisimama mbele ya mpira wake, kundi zima linasimama na kunyamaza mpaka apige.
- Msiokote mpira mtakaoukuta. Huenda bado uko mchezoni.
- Mkisikia "Foo!", onyo la wachezaji kwamba mpira unakuja, inameni na mfunike kichwa kwa mikono. Mpira hauzidi gramu 46, lakini ukipigwa na mchezaji mwenye nguvu hupita kilomita 200 kwa saa. Huo si wakati wa kuinua darubini kutafuta unakotoka.

Hatua ya 4: Rekebisha darubini za wageni

Darubini ya 8x42 inamfaa karibu kila mtu: inakuza mara nane, na lensi ya mbele ina kipenyo cha milimita 42. Wageni wengi hulalamika kuwa yao ina ukungu, kumbe haijarekebishwa. Mwambie afunike lensi ya kulia, atazame kibao cha mbali kwa jicho la kushoto, na azungushe gurudumu la katikati mpaka maandishi yasomeke vizuri. Kisha afunike ya kushoto, na kwa jicho la kulia azungushe pete iliyo kwenye kioo cha upande huo, bila kugusa gurudumu. Basi. Kuanzia hapo atatumia gurudumu peke yake.

Hatua ya 5: Jua pa kusimama

Katikati ya nyasi fupi hakuna mengi, isipokuwa mashine ya kukata nyasi ikipita. Inafurusha wadudu, na mbayuwayu huifuata kwa chini kabisa. Muda wenu mwingi utumieni bwawani. Tafuteni tawi lililoinamia maji, lenye madoa meupe ya kinyesi chini yake: hapo ndipo mdiria hukaa, hata kama sasa hayupo. Mti mkavu nao usipitwe, maana kigong'ota huuhitaji kuliko mti wenye majani.

Kuonyesha ndege alipo, tumia bendera, shimo la mchanga au nguzo za umbali. Usitumie saa. Ukisema "saa tatu", wengine watageukia kulia, ilipoandikwa 3, na wengine kushoto, unakoelekea mshale saa tatu asubuhi. Hadi wakubaliane, ndege kaenda zake.

Hatua ya 6: Hesabu kwa namna ileile kila mwezi

Mwandishi awe mmoja. Aandike muda wa kuanza na kumaliza, umbali, na kila aina mliyoitambua pamoja na idadi yake. Kundi kubwa likiruka, hesabu kumi, kisha kadiria makumi mengine kama hayo yako mangapi. Orodha iwekeni eBird, hifadhidata ya ndege ya mtandaoni ya kituo cha utafiti cha Cornell Lab of Ornithology, iliyoanza mwaka 2002, kisha washirikishe wenzako orodha hiyohiyo ili ndege wasihesabiwe mara mbili. Programu ya simu ya Merlin husikiliza sauti ya ndege na kupendekeza jina, nami huichukulia kama fununu tu: ambaye hakuna aliyemthibitisha haandikwi.

Njia na saa ya kuanza zisibadilike. Vinginevyo bata wakipungua, hamtajua kama wamehama au nyinyi ndio mliochelewa. Mahali pa kiota cha bundi msipatangaze.

Hatua ya 7: Peleka ripoti ya ukurasa mmoja

Nakala moja kwa meneja, nyingine kwa watunza nyasi. Weka orodha, idadi, na ombi moja tu, kwa mfano matete ya bwawani yasikatwe mpaka vifaranga watoke. Ukipeleka maombi matano kwa mpigo, hata hilo moja hutalipata.