Tabasamu la karani halirudishi pesa: kudai huduma ughaibuni

Aliyezoea duka la mtaani, ambako muuzaji anawajua watoto wako kwa majina, hufika kaunta za ng'ambo na mbinu ambazo hazifui dafu. Salamu ndefu, "nisaidie ndugu yangu", kurudi kesho ili umkute yule mpole, kutafuta anayejuana na meneja: yote hayo hufaa pale ambapo mhudumu ana uwezo wa kuamua. Kwenye kampuni kubwa za Ulaya na Marekani, mhudumu wa kaunta au wa simu mara nyingi hana. Anasoma maelezo ya akaunti yako kwenye kompyuta, na kompyuta inampa vitufe viwili vitatu vya kubonyeza. Aliyenuna anaweza kukurudishia pesa yote kwa dakika tano, na mchangamfu akashindwa kukusaidia kwa lolote. Usipime huduma kwa uso. Pima kwa kilichoandikwa: nani ameahidi nini, tarehe gani, kwa namba ipi ya kumbukumbu.

Salamu bado zina uzito, ila kila nchi ina kipimo chake. Ufaransa ndiyo kali zaidi: ukianza na swali kabla ya "Bonjour", umemkosea adabu muuzaji, na ubaridi unaofuata umejitakia. Sema "Bonjour madame" au "Bonjour monsieur", subiri ajibu, ndipo uulize. Ujerumani "Guten Tag" moja inatosha, kisha shida yako. Ukizunguka, karani ataona unampotezea muda. Marekani utaulizwa hali na kila mtu, na jibu ni neno moja tu pamoja na kumrudishia swali. Hakuna anayetaka habari za nyumbani. Japani utapokewa dukani kwa "Irasshaimase", ambayo haihitaji jibu. Huko huko Japani, mhudumu akikuambia kwa upole kwamba jambo lako ni gumu kidogo, amekukatalia. Sisi tuliokulia kwenye "njoo kesho" ya kukwepa hatupaswi kupata taabu kuielewa lugha hiyo.

Bakshishi nayo ina sheria zake. Marekani mwajiri anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumlipa mhudumu wa mgahawa dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, kwa matarajio kwamba wateja watajazia. Majimbo kadhaa yamepandisha, lakini desturi ya kuacha asilimia 15 hadi 20 iko kote, na kutoacha kitu huonekana ni kumdhulumu. Bei ya kwenye lebo pia kwa kawaida haina kodi ya mauzo, huongezwa unapolipa. Uingereza angalia kwanza bili: migahawa mingi ya London huwa imekwisha kuongeza asilimia 12.5, na ukiandikiwa kwamba ni hiari unaweza kuomba iondolewe. Ujerumani usiache sarafu mezani; bili ikiwa yuro 27.40, mwambie mhudumu "30" unapompa pesa. Japani usiache kitu, huenda akakukimbilia akurudishie.

Simu ndipo wengi wanapokwama, na mara nyingi si kwa sababu ya lafudhi. Tatizo kubwa ni swali lenye kukanusha. Mhudumu akiuliza kwa Kiingereza kama "hujapokea mzigo", Mswahili hujibu "yes", akimaanisha ndiyo, sijapokea. Mwenzake anaweza kusikia kwamba umepokea, akafunga malalamiko. Jibu kwa sentensi nzima kila mara: sijapokea mzigo. La pili ni saa. Ukitafsiri "saa tatu asubuhi" kichwani haraka haraka, waweza kujikuta umepanga fundi aje saa tisa alasiri, wakati uko kazini. Rudia muda kwa mtindo wa saa 24. La tatu ni tarehe: kwa Mmarekani 04/07 ni tarehe 7 Aprili, kwa Mwingereza ni 4 Julai. Taja mwezi kwa jina.

Kisha kuna majina. Aliyesajiliwa kwa jina lake, la baba na la babu hujikuta mfumo mmoja umechukua la babu kuwa la ukoo, mwingine la baba. Jina lenye kibainishi, kama lenye ng', mara nyingi hukataliwa na fomu za mtandaoni, ukaliandika bila alama, halafu kwenye simu ukalitaja kama lilivyo kwenye pasipoti. Tunza daftari au faili lenye namna jina lako lilivyoandikwa kwa kila kampuni, pamoja na namba ya mteja. Andika humo pia jibu ulilotoa kwenye swali la usalama la jina la mama kabla ya kuolewa. Kwetu wanawake wengi hawabadilishi majina, kwa hiyo watu hujaza lolote, na mwaka mmoja baadaye hawakumbuki walijaza nini.

Kabla hujapiga simu kuhusu tatizo, kaa na namba ya mteja, namba ya oda, tarehe ya malipo na kalamu. Anza na unachotaka: kurudishiwa pesa, kubadilishiwa, au fundi. Historia ije ukiulizwa. Mwishoni muulize mhudumu jina lake na namba ya kumbukumbu, halafu tuma barua pepe siku hiyo hiyo ukirudia mlichokubaliana. Akikwambia "siku 5 za kazi", hesabu bila Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Siku ya sita ni haki yako kuuliza. Kupiga siku ya pili na ya tatu mara nyingi huongeza maelezo kwenye faili bila kusogeza kitu.

Sasa haki zenyewe, maana upole bila sheria hauendi mbali. Uingereza, ukinunua kitu kikawa kibovu, una siku 30 za kukikataa na kudai pesa yote. Zikipita, muuzaji anapewa nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha. Akishindwa, unadai pesa au punguzo. Ubovu ukijitokeza ndani ya miezi 6 ya kwanza, ni juu yake kuthibitisha kwamba kitu kilikuwa kizima alipokuuzia. Angalizo: maduka hupenda kukutuma kwa mtengenezaji. Mkataba wako ni na muuzaji. Rudi kwake na uitaje Consumer Rights Act 2015, sheria ya haki za mnunuzi. Kitu kizima ambacho hukukipenda tu ni habari nyingine: ukinunua mtandaoni una siku 14 tangu ukipokee kutangaza kwamba unakirudisha, lakini ukinunua dukani unategemea masharti ya duka.

Nchi za Umoja wa Ulaya zina siku hizo hizo 14 kwa manunuzi ya mtandaoni, na dhamana ya kisheria isiyopungua miaka 2 kwa ubovu. Bado utakutana na miongozo inayokuelekeza kwenye jukwaa la Ulaya la kutatua migogoro mtandaoni. Ipuuze, jukwaa hilo lilifungwa Julai 2025. Marekani hakuna sheria ya shirikisho inayolazimisha duka kupokea kitu kizima ulichokirudisha. Masharti ya nyuma ya risiti ndiyo sheria yako. China, kitu kilichonunuliwa mtandaoni hurudishwa ndani ya siku 7 bila kutoa sababu, isipokuwa aina fulani kama vya kuagizwa maalumu na vinavyooza.

Namna ya kulipa ni nusu ya kinga. Uingereza, kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi 30,000 kikilipiwa kwa kadi ya mkopo, hata kama uliyolipa kwa kadi ni amana tu, mtoa kadi anawajibika pamoja na muuzaji chini ya kifungu cha 75 cha Consumer Credit Act 1974, sheria ya mikopo ya wateja. Muuzaji akifilisika, unamdai mtoa kadi. Marekani una siku 60 tangu ulipotumiwa taarifa ya kadi yenye kosa kulipinga kwa maandishi, kwenye anwani ya masuala ya bili, ambayo huwa tofauti na ya kulipia. Pesa uliyomtumia kwa benki wakala wa tiketi wa kwenye kundi la WhatsApp haina kinga hiyo, hata kama mnatoka kijiji kimoja.

Malalamiko yakifika pagumu, acha simu, andika. Barua iwe ukurasa mmoja: namba ya mteja, kilichotokea kwa tarehe, sheria unayoitegemea, kiasi unachodai, na siku 14 za kujibu. Ambatisha risiti na picha. Usiandike jinsi ulivyoumizwa moyo wala kumtukana mtu. Barua itasomwa na asiyehusika, naye anatafuta tarehe na kiasi. Kwa benki na bima za Uingereza tumia neno "complaint" (malalamiko) waziwazi. Kwa malalamiko mengi wana wiki 8 za kutoa jibu la mwisho. Usiporidhika, au wiki hizo zikipita kimya, nenda kwa Financial Ombudsman Service, chombo cha kuamua migogoro ya wateja na kampuni za fedha, bila malipo. Jibu la mwisho likishatoka una miezi 6. Kwa duka la kawaida huko England na Wales kuna mahakama ya madai madogo, hadi pauni 10,000, na mara nyingi barua ya kutangaza nia ya kufungua kesi inatosha kuwaamsha.

Mawili ya kuepuka. La kwanza ni kusitisha malipo ili kuwakomoa. Ujerumani, kuzuia benki isilipe hakuvunji mkataba wa simu au wa ukumbi wa mazoezi. Barua za madai zinaanza, kisha wakusanya madeni, na rekodi yako ya mikopo inachafuka kiasi cha kukunyima nyumba ya kupanga. Vunja mkataba kwa maandishi. Tangu Julai 2022 kampuni zinazouza mikataba ya aina hiyo mtandaoni zinatakiwa kuweka kitufe cha kuvunjia kwenye tovuti zao, nacho huitwa "Verträge hier kündigen", yaani vunja mikataba hapa. Kipige picha ya skrini ukishakibonyeza. La pili ni "ya soda". Kumuahidi tu ofisa kitu ili faili lako lisogee ni kosa la jinai, na Uingereza adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 10.

Mwisho, safari ya kurudi nyumbani. Ndege ikiondoka uwanja wa Umoja wa Ulaya, iwe ya shirika lolote, ikachelewa kufika kwa zaidi ya saa 4 kwenye safari inayozidi kilomita 3,500, kanuni ya Umoja huo namba 261/2004 inakupa yuro 600, isipokuwa chanzo kiwe nje ya uwezo wa shirika, kama hali ya hewa mbaya. Ukitokea Nairobi au Dar kwenda Ulaya, unalindwa tu kama shirika ni la Umoja wa Ulaya. Vocha utakayopewa kaunta si lazima uipokee badala ya fedha. Tunza pasi ya kupandia, piga picha ubao wa matangazo, muulize mhudumu sababu ya kuchelewa, uiandike hapo hapo pamoja na saa mlango wa ndege ulipofunguliwa mlipotua, kwa kuwa kuchelewa kunahesabiwa hadi dakika hiyo.