Kusoma Mlango wa Río de la Plata kwa Picha za Setilaiti Ukiwa Kisumu

Haya nimeyaandika baada ya kumsaidia mwalimu wa jiografia hapa Kisumu aliyetaka Kidato cha Tatu waone mlango wa mto wenyewe badala ya mchoro wa kitabuni. Tulichagua Río de la Plata, kati ya Argentina na Uruguay. Mito Paraná na Uruguay inakutana hapo, kisha maji yanatanuka hadi yanapoingia Atlantiki yana upana wa kilomita 220 hivi. Kisumu hadi Nakuru, ukipita angani moja kwa moja, ni kama 150 tu.

Hatua ya 1. Jisajili kwenye Copernicus Browser, tovuti ya picha za setilaiti za Ulaya (ni bure), na uweke QGIS, programu ya ramani, kwenye laptopu.

Hatua ya 2. Anza na picha hafifu. Watu hukimbilia picha za setilaiti ya Sentinel-2 kwa kuwa pikseli yake, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10. Kwa mlango wa ukubwa huu, huko ni kujitesa. Kigae kimoja, yaani kipande cha picha unachopakua, kina upana wa kilomita 110, kwa hiyo utaunganisha vigae vingi vya tarehe tofauti, mishono itaonekana, na bando litakwisha kabla hujaona chochote cha maana. Fungua Sentinel-3 kwanza. Pikseli yake ni mita 300, lakini inafagia zaidi ya kilomita 1,200 kwa mpito mmoja, na mlango wote unaingia kwenye picha moja ya siku moja. Sentinel-2 iache kwa ajili ya delta ya Paraná, pale mto huo unapoingilia mlango.

Hatua ya 3. Soma rangi. Chagua siku isiyo na mawingu, utumie rangi za kawaida. Sehemu ya juu ni kahawia tupu. Tope hilo huletwa zaidi na Paraná, na sehemu kubwa yake hutoka milima ya Andes kupitia mto Bermejo. Ukishuka kuelekea baharini, kahawia inakatika ghafla kwenye mstari uliopinda, karibu na kina kifupi kiitwacho Barra del Indio, kati ya Montevideo na Punta Piedras. Hapo maji baridi yanakutana na ya chumvi, chembe za udongo zinagandana, zinazama. Usiwaambie wanafunzi kwamba huo ndio mpaka wa mto na bahari. Mstari husogea kwa upepo na wingi wa maji ya mto. Chukua picha mbili za miezi tofauti uone. Tena kahawia si dalili ya kina: inaonyesha tope lililo juu juu tu.

Hatua ya 4. Tenganisha maji na nchi kavu. Hapa ndipo watu hukesha.

Sasa tunatumia Sentinel-2, ambayo hugawa mwanga katika bendi, kila moja na faili yake. Fahirisi (hesabu ya kulinganisha bendi) ambayo wengi huanza nayo hulinganisha bendi ya kijani (B03) na infraredi ya karibu (B08), mwanga usioonekana kwa macho. Kwenye maji safi inafanya kazi vizuri. Kwenye maji ya tope haifai, maana tope hurudisha mwanga wa infraredi ya karibu, na maji yanaanza kufanana na ardhi. Tumia B11, infraredi ya mawimbi mafupi, ambayo maji huimeza hata yakiwa na tope. Pakua bidhaa ya L2A (iliyokwisha kuondolewa athari ya hewa), na B03 na B11 zote uzitoe kwenye folda ya R20m ili pikseli zilingane.

Sasa angalia jina la faili. Lina toleo la uchakataji, herufi N na tarakimu nne: ukiona N0400 au namba kubwa zaidi, kila thamani imeongezewa 1,000. Mabadiliko hayo yalianza tarehe 25 Januari 2022, lakini usitegemee tarehe ya picha: picha za zamani zilizochakatwa upya hubeba N0500, nazo zina nyongeza hiyohiyo. Kanuni ya kuandika kwenye kikokotoo cha rasta cha QGIS ni hii:

("B03@1" - "B11@1") / ("B03@1" + "B11@1" - 2000)

Tuseme pikseli ya maji ina B03 ya 1,900 na B11 ya 1,100. Kwa kanuni hiyo unapata 0.8. Ukisahau kutoa 2,000, unapata 0.27. Picha haitaonekana mbovu, na hapo ndipo hatari ilipo: utailinganisha na ya mwaka 2018 isiyo na nyongeza, useme delta imebadilika kumbe ni hesabu. Kwa faili yenye namba iliyo chini ya N0400, ondoa hiyo "- 2000". Ndani ya Copernicus Browser yenyewe marekebisho hufanywa kimyakimya, kwa hiyo tatizo huzuka ukishapakua.

Mimi sipendi kufanya hesabu hii kwa gdal_calc, zana ya kuandika amri. Data ni namba zisizokubali hasi, na 1,600 ukitoa 3,000 inakupa 64,136. Ukiing'ang'ania, geuza aina ya data kwanza.

Chora mpaka wa maji kuanzia thamani ya sifuri (juu yake ni maji), kisha usogeze kwa kutazama ufuko unaoujua. Kwenye delta ya Paraná, matete na magugu maji yataonekana kama nchi kavu. Gugu hilo, hayasinti, ni lilelile linaloziba Ghuba ya Winam. Asili yake ni Amerika Kusini. Kwa hiyo fanya zoezi kwanza hapa nyumbani, kwenye mdomo wa Nyando: pata picha, kisha nenda Dunga uwaulize wavuvi magugu yalikuwa upande gani siku hiyo.

Hatua ya 5. Kabla ya kupima umbali, weka mradi wa QGIS kwenye EPSG:32721, namba ya mfumo wa ramani unaofaa eneo hilo. Ile 32736 uliyozoea ni ya huku kwetu.

Hatua ya 6. Ukichapisha, andika tarehe na saa. Saa iliyo kwenye jina la faili ni ya UTC, saa ya kimataifa. Ongeza 3 upate ya Kenya, au punguza 3 upate ya Buenos Aires.