Jinsi ya Kupima Maoni ya Wananchi Kuhusu Kodi za Kugharamia Shule za Umma

Anayetaka kujua wananchi wanaonaje kuhusu kodi za kugharamia shule za umma aanze kwa kuligawa swali lake, kwa kuwa ndani yake mna maswali matatu: je, shule zinahitaji fedha zaidi, fedha hizo zitoke katika kodi ipi, na nani hasa ataibeba kodi hiyo. Mtu anaweza kuliitikia la kwanza kwa moyo mkunjufu na kulikataa la tatu bila kujipinga, na dodoso linaloyachanganya yote huvuna majibu yasiyo na kazi.

Kazi kubwa iko katika kuandika swali lenyewe. Ukiuliza, "Je, unaunga mkono shule ziongezewe fedha?", hujamgharimu mhojiwa chochote, naye atasema ndiyo hata kabla hujamaliza kusoma. Uliza badala yake: "Je, ungekubali kodi ya majengo unayolipia nyumba yako iongezwe kwa kiasi hiki kila mwaka, ikiwa fedha zote zitatumika kuajiri walimu wa shule za msingi za eneo lako?", kisha utaje kiasi hicho kwa fedha, si kwa asilimia. Asilimia huchanganya hata wasomi. Kodi ya mauzo inapopanda kutoka asilimia 4 hadi 6, mmoja husema imeongezeka kwa mbili, mwingine husema imeongezeka kwa nusu, na wote wawili wako sahihi.

Mfano huo haukubuniwa. Mwaka 1993 bunge la jimbo la Michigan, nchini Marekani, liliiondoa kodi ya majengo kama chanzo cha fedha za kuendeshea shule, na mwezi Machi 1994 wapiga kura wakaidhinisha kodi ya mauzo ipandishwe kutoka asilimia 4 hadi 6. Jambo la kuzingatia ni kwamba, kama wangekataa, kodi ya mapato ndiyo ingepanda. Hawakuwa wakichagua kati ya kodi na kutolipa, bali kati ya kodi na kodi. Dodoso zuri huiga hali hiyo: huziweka kodi mbili mbili, likieleza kwa sentensi moja kwamba kodi ya majengo huzipa fedha nyingi shule za maeneo yenye nyumba za thamani, na kwamba kodi ya mauzo hulipwa na kila mnunuzi lakini humwelemea zaidi mwenye kipato kidogo. Mpangilio wa machaguo ubadilishwe kutoka mhojiwa mmoja hadi mwingine, kwa sababu linalosomwa kwanza mara nyingi hupendelewa bila sababu.

Uliza pia kuhusu matokeo. Mwaka 1978 wapiga kura wa California waliiwekea kodi ya majengo ukomo wa asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa. Kura ilihusu kodi, lakini baada ya hapo shule zilitegemea zaidi hazina ya jimbo, na uamuzi wa fedha zao ukahamia huko.

Kuhusu sampuli, watu 1,000 waliochaguliwa kwa nasibu hutoa makadirio yenye kosa la takriban asilimia 3 juu au chini. Tahadhari na vikundi vidogo: ukitaka kuwalinganisha wazazi wenye watoto shuleni na wasio na watoto huku kundi moja likiwa na watu 100 tu, kosa hufikia karibu asilimia 10, na tofauti unayoifurahia huenda isiwepo kabisa. Wahojiwa wasitafutwe kwenye mikutano ya wazazi pekee, kwani wapangaji, wastaafu na wasio na watoto nao hulipa kodi.

Unapotoa matokeo, chapisha swali neno kwa neno (binafsi siuamini utafiti unaolificha), tarehe ya mahojiano, na idadi ya waliosema hawajui. Hao wa mwisho wasigawanywe kati ya ndiyo na hapana, bali wapewe safu yao kwenye jedwali.