Hatua za kumhudumia mgonjwa aliyeumia uti wa mgongo wodi ya mahututi

Mgonjwa aliyeumia shingoni anaweza kufika wodini anaongea vizuri, kisha siku ya pili au ya tatu akaanza kuchoka kupumua. Ndiyo maana mimi huanza na pumzi.

1. Pima pumzi, tena na tena. Neva zinazoendesha diaframu (msuli mkuu wa kupumua, kati ya kifua na tumbo) hutoka usawa wa pingili ya 3 hadi ya 5 ya shingo. Jeraha likiwa chini ya hapo diaframu hufanya kazi, lakini misuli ya mbavu na tumbo imepooza na kikohozi hakina nguvu. Usiridhike na kipimo cha oksijeni cha kidoleni, huchelewa kushuka. Mwambie avute pumzi moja ahesabu kwa sauti hadi imwishie. Andika alipofika, rudia baada ya saa chache. Akifika pungufu, sauti ikififia, au akivuta pumzi fupi za haraka, mwite daktari hapo hapo. Shingo ile haitaki mpira wa kupumulia uingizwe kooni kwa papara.

Wauguzi wapya hushangaa kwamba wengi wa wagonjwa hawa hupumua vizuri zaidi wakilala chali. Akiketi, tumbo lililolegea hushuka na kuivuta diaframu chini, ikakosa nafasi ya kusukuma.

2. Toa makohozi. Akikohoa, sukuma chini ya mbavu kuelekea juu huku mwenzako akidhibiti shingo. Usifanye hivyo kama ameumia tumbo au mbavu. Kabla ya kufyonza makohozi mpe oksijeni, na atropini (dawa ya kuongeza kasi ya moyo) iwe karibu: mapigo huweza kushuka ghafla, hata moyo kusimama.

3. Linda shinikizo la damu. Shinikizo la chini, mapigo ya polepole na ngozi yenye joto huashiria mshtuko wa neva, yaani shinikizo kushuka kwa sababu neva zilizoumia haziongozi tena mishipa ya damu na moyo. Hata hivyo, hakikisheni kwanza havuji damu ndani. Vituo vingi hulenga wastani wa shinikizo la damu (MAP) wa mmHg 85 hadi 90 kwa siku 5 hadi 7. Fuata agizo la daktari wako.

4. Mgeuze kila saa 2. Watu wanne, na anayeshika kichwa ndiye mwenye amri. Hasikii maumivu, hivyo macho yako ndiyo yatakayoona wekundu visiginoni, makalioni na chini ya kola ya kushikilia shingo.

5. Katheta ya mkojo, ratiba ya choo, na dawa ya kuzuia damu kuganda daktari akiruhusu.

6. Zungumza naye. Hata akiwa kwenye mashine ya kupumulia na hawezi kusema, anasikia kila neno, na anaogopa. Kubalianeni: kufumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Bandika makubaliano hayo juu ya kitanda, zamu ya usiku iyakute.