Maswali ya mtego kwa mtihani wa leseni ya stima: vile sisi hujipanga

Kuna kijana wa kwetu anafanya wairing hapa Nakuru, mkono wake ni safi kuliko wangu, lakini mpe swali kwa karatasi uone vile anakauka. Anaomba leseni ya daraja la C2 ya EPRA (mamlaka ya kawi ya Kenya), so jioni tukitoka saiti tunakaa tunapitia maswali, na nimegundua shida yake ni ya mafundi wengi: hesabu anajua, chenye hajui ni swali linataka atumie namba gani. Naandika vile tumekuwa tukifanya, kama uko Kisumu ama Kakamega unajiandaa pia wewe chukua.

Hatua ya 1: Tebo za karatasi

Maswali mengi hapa kwetu yanasimama kwa IEE, kile kitabu cha Uingereza cha sheria za wairing, yaani BS 7671. Enda saiba uprinti zile tebo za ukubwa wa waya, fakta (namba za kurekebisha hesabu) za joto, fakta za grupingi (saketi zikipita pamoja) na Zs (ukinzani wa njia yote stima inapitia ikigusa athi). Karatasi, si simu. PDF kwa simu unazoom mpaka unasoma laini ya juu badala ya ile yako. Na yale majibu ya grupu za WhatsApp, mimi huyafuta bila kusoma, juu hakuna mtu huko anaonyesha ametoa wapi.

Hatua ya 2: Pigia mstari masharti kabla ushike kalkuleta

Iko ndani ya konduiti ama imepigwa klipu ukutani? Ziko saketi ngapi pamoja? Joto ni ngapi? Ni breka ama fyuzi ya waya? Volti ni 230 ama 240? Hii ya mwisho inachanganya watu wetu sana kwa sababu stima yetu ni 240 na 415 lakini kitabu kimejengwa juu ya 230. Ukipewa volti, tumia ulizopewa. Usipopewa, andika juu kabisa ni gani umetumia halafu uendelee nayo mpaka mwisho, usianze na 240 ukamalizia na 230.

Hatua ya 3: Kuchagua waya (hapa ndipo watu huanguka)

Hapa tulikaa sana kuliko pengine pote, so nitaenda polepole. Chukua instant shawa ya 6kW, 240V, breka 32A, waya moja moja za PVC ndani ya konduiti, konduiti ina saketi zingine mbili, juu ya siling joto ni 40°C, urefu mita 18.

Amperi za mzigo: 6000 ÷ 240 = 25A. Hiyo ndiyo Ib. Breka 32A ndiyo In. Ziandike mbali mbali kwa karatasi na uziwekee majina, tafadhali, kwa sababu kutoka hapa kila moja ina kazi yake.

Fakta: saketi tatu pamoja ni 0.70 (hesabu na yako mwenyewe, "zingine mbili" ni tatu, mtego wa kwanza huo). Joto la 40°C ni 0.87. Zidisha, unapata 0.609.

Sasa unagawanya: 32 ÷ 0.609 = 52.5A. Unaenda kwa tebo ya konduiti: 6mm² inabeba 41A, 10mm² inabeba 57A. Jibu ni 10mm².

Wengi wanazidisha badala ya kugawanya. 32 × 0.609 inakupa 19.5, unaona 2.5mm² inabeba 24A unaandika kwa furaha, na kwa nyumba ya mtu hiyo waya inachomeka ndani ya siling breka ikiangalia tu. Kumbuka hivi: mazingira mabaya yanataka waya nene, kwa hivyo hesabu yako lazima ipande, ikishuka jua umekosea njia.

Mtego wa pili ni mtamu zaidi. Ukigawanya 25 badala ya 32 unapata 41 na kidogo, unaangalia 6mm² unakuta 41, unadhani Mungu amekujibu. Hapana. Breka inaweza kupitisha 32A siku nzima bila kujali, so waya ilindwe kulingana na breka. Kuna mjuaji atakwambia shawa ni mzigo wa kudumu hauwezi kuovalodi, kwa hivyo Ib inatosha. Hiyo ruhusa iko kweli kwa regulesheni, lakini kama swali halijaitaja tumia In, na kwa mtihani wa mdomo unaweza kuieleza ukiulizwa.

Kama ni fyuzi ya waya ya kizamani, BS 3036, zidisha pia fakta ya 0.725 pamoja na zile zingine kabla ugawanye. Kama ni breka, usiiguse hiyo namba. Nyumba za zamani za mji bado ziko na hizo fyuzi kwa hivyo usiseme hawawezi kuuliza.

Halafu volti dropu (volti zinazopotea njiani kwa waya), na hapa sasa unarudi kwa Ib! Mzigo ndio unavuta volti, breka haivuti kitu. 10mm² ni 4.4 mV kwa kila amperi kwa kila mita: 4.4 × 25 × 18 ÷ 1000 = 1.98V. Mwisho ni 3% kwa taa na 5% kwa vitu vingine, so shawa kwa 240V inaruhusiwa 12V, umepita. Mtu akisahau kugawanya na 1000 anapata volti 1980, na amini usiamini kuna wenye wameandika hivyo.

Fanya hili swali tena ukibadilisha masharti: toa konduiti, ongeza saketi, badilisha breka na fyuzi. Swali moja ukiligeuza hivyo linakufaa kuliko past pepa nzima unayokariri.

Hatua ya 4: Zs na RCD

Breka aina ya B inakatika papo hapo ikifika mara 5 ya amperi zake, C mara 10, D mara 20. So B32 inataka 160A. Vitabu vya zamani vinasema Zs isizidi 230 ÷ 160 = 1.44Ω, lakini tangu 2015 hiyo 230 inazidishwa na 0.95 kwanza, inakuwa 1.37Ω. Ukiona yote mawili kwa machaguo, ile mpya ndiyo jibu. Usikariri tebo, kariri hiyo njia.

Kwa nyumba yenye athi rodi (chuma kilichopigwa ardhini), yaani TT: ukinzani wa athi mara amperi za RCD (kifaa kinachokata stima ikivuja) usipite 50V. RCD ya 30mA inakupa 1667Ω. Lakini wakiuliza ni ngapi ungekubali saiti, athi ikipita 200Ω inahesabika haiaminiki, juu udongo ukikauka inapanda. Wenye tunapiga rodi kwa huu udongo wa majivu wa Nakuru mwezi wa pili tunajua.

Hatua ya 5: Kutesti

Mega (mashine ya kupima insulesheni) weka 500V DC, isishuke 1MΩ, toa balbu na vitu vya elektroniki kwanza. Kontinuiti, insulesheni na polariti kabla stima iwake, Zs na RCD baada ya kuwaka. Umefanya hii kazi, andika tu kwa mpangilio huo.

Hatua ya 6: Ya mdomo

Omba mtu akuulize "kwa nini" baada ya kila jibu. Kijana wangu alikuwa anasema nyutro na athi zisikutane ndani ya nyumba baada ya RCD, sawa, kwa nini? Kimya. Sababu stima inayorudi inagawanyika, nyingine inapitia athi, RCD inaona kinachoenda si kinachorudi, inakatika. Na ujue kuchora konsuma yuniti (boksi la breka) kwa mkono bila rula, kuanzia mita mpaka soketi ya mwisho, ukitaja saizi ya kila waya ukiendelea.