Jinsi ya kufuatilia mabinti wa sekondari wanaokuja timu ya softiboli ya chuo, hatua kwa hatua

Wadau wa softiboli mliopo huku Marekani na nyie mnaokesha nyumbani mkiangalia strimu, naandika hii kwa sababu maswali yamekuwa mengi: fulani anakuja lini, mbona nilisikia amekubali Oklahoma alafu kwenye kikosi hayupo, huyu ni mzuri kweli au ni kelele za mtandaoni tu. Mimi nafuatilia timu ya Chuo Kikuu cha Oklahoma pale Norman, timu ya kocha Patty Gasso, kwaiyo mifano mingi itatoka huko, ila njia ni ileile kwa chuo chochote cha daraja la kwanza, Division I ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huku Marekani.

Jambo moja nataka likukae kichwani kabla hatujaanza: anza na kikosi, msichana baadaye. Watu wengi wanafungua orodha ya wachezaji bora mia, wanapenda jina, alafu wanakasirika kocha wao akimuacha. Kocha anatafuta mtu wa kuziba pengo fulani, mwaka fulani, na ukishalijua pengo nusu ya kazi umeimaliza.

Hatua ya 1: Ielewe kalenda

Sekondari ya huku ni miaka minne, darasa la 9 mpaka la 12, na mchezaji anatajwa kwa mwaka atakaomaliza. Ukiona binti ameandika 2028 kwenye akaunti yake, anamaliza shule katikati ya 2028 na mechi za chuo ataanza kucheza Februari 2029, maana msimu wa chuo unaanza Februari na kuisha mwanzoni mwa Juni kule Oklahoma City kwenye fainali za timu 8, Women's College World Series. Ukichanganya huu mwaka mmoja hesabu yako yote inaharibika.

Tarehe ya kuweka alamu ni Septemba 1. Tangu sheria ibadilishwe 2018, kocha wa Division I haruhusiwi kuongea na mchezaji habari za kumchukua mpaka Septemba 1 ya mwaka wake wa tatu wa sekondari. Kabla ya hapo ilikuwa vurugu, watoto wa miaka 13 na 14 wanatoa ahadi kwa vyuo ambavyo hata hawajui vitakuwa na kocha gani wakifika, na mimi nashukuru ile sheria ilikuja. Siku hizi saa sita usiku ikigonga simu zinaanza kuita, na wiki zinazofuata ndio ahadi zinamiminika. Ukiwa na muda wa kufuatilia miezi miwili tu kwa mwaka, chagua Septemba na Oktoba.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kikosi

Hapa kaa chini utulie. Fungua ukurasa wa kikosi kwenye tovuti ya chuo, fungua na shiti ya Google pembeni, andika kila mchezaji: jina, nafasi anayocheza, mkono anaopigia, mwaka aliopo chuoni, na mwaka wa mwisho anaoweza kucheza.

Zamani timu ya Division I ilikuwa na skolashipu 12 tu za kugawana, wengi walikuwa wanapata robo au nusu, na idadi ya wachezaji haikuwa inabana sana. Mahakama ilipopitisha makubaliano ya kesi ya House, ile ya wanamichezo wa vyuo dhidi ya NCAA, Juni 2025 mambo yakageuka: chuo kilichoingia kwenye mpango ule kinaweza kumlipia skolashipu kila mchezaji ila kikosi hakizidi 25, ukiacha wachache waliokuwepo kabla ambao wamepewa msamaha. Sasa 25 gawanya kwa miaka minne unapata kama 6 kwa kila mwaka. Ukiona chuo chako kina ahadi 9 za darasa moja, yaani wanaomaliza sekondari mwaka mmoja, jua kuna watu watatoka, aidha kwa hiari yao au kwa kuonyeshwa mlango, na hilo ndilo la kufuatilia kuliko hata hao 9 wenyewe.

Chukua mapitcha, wale wanaomrushia mpigaji mpira. Timu kubwa inataka mapitcha wanne au watano kikosini, basi angalia wanaomaliza ni wangapi. Wakimaliza wawili mwaka 2028, darasa la 2028 lazima liwe na pitcha, na kama mpaka Novemba hakuna aliyeahidi basi kocha anapanga kumtoa kwenye dirisha la uhamisho. Makecha, wanaodaka mpira nyuma ya mpigaji, ni vilevile, wanabebwa wawili au watatu tu, binti kecha akishaahidi chuo fulani kecha mwenzake wa darasa hilohilo ana sababu nzuri ya kwenda kwingine. Shotistopu, anayelinda kati ya besi ya pili na ya tatu, ni hadithi tofauti, vyuo vinachukua mashotistopu wengi kwa sababu ndio wanamichezo bora wa timu zao na wanahamishika, leo yuko besi ya pili kesho yuko nje uwanjani, kwaiyo usiogope ukiona watatu kwenye darasa moja.

Kumbuka na waliokaa nje mwaka mzima kwa majeraha, mara nyingi wanarudishiwa mwaka wao, na kwenye ukurasa wa kikosi herufi R mbele ya mwaka wa mchezaji inakuonyesha hilo. Ukiipita ile herufi utamhesabu mtu kama anaondoka kumbe bado yupo.

Hatua ya 3: Kusanya majina

Majina yako sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni X, ndiko mabinti wenyewe wanakotangaza ahadi zao, picha na jezi ya chuo na maneno ya kuwashukuru wazazi na makocha. Tengeneza listi yako pale, weka akaunti za timu za klabu na waandishi wa softiboli, usitegemee ile mashine ya X ikuletee yenyewe. Ya pili ni vyombo vinavyopanga wachezaji kwa darasa, Extra Inning Softball wanajulikana sana kwa hili. Ile orodha ya mia bora itumie kama daftari la majina, lakini namba yenyewe, kwamba huyu ni wa 14 na yule wa 31, usiipe uzito, maana tofauti hapo ni mtu nani alimuona akicheza siku gani.

Kwenye shiti yako ongeza safu mbili: habari umeipata wapi, na tarehe. Baada ya mwaka utanishukuru.

Hatua ya 4: Waangalie wakicheza, na ujue cha kuangalia

Watoto hawa wana misimu miwili. Kuna ya shule, ambayo majimbo mengi kama Texas, California na Florida wanacheza kipindi cha machipuko, ila Oklahoma, Nebraska, Georgia, Missouri na Colorado wanacheza vuli, yaani Agosti mpaka Oktoba, kwaiyo ukitafuta mechi za shule za Nebraska mwezi wa nne hutoziona. Na kuna ya klabu, zile timu zinazosafiri wikendi baada ya wikendi, majina kama Batbusters, Firecrackers na Texas Bombers utayaona sana. Makocha wa vyuo wanakaa zaidi kwenye za klabu, hasa mashindano ya kiangazi ya Colorado na California, kwa sababu pale kila timu ina pitcha wa kueleweka. Mechi nyingi zinaingia kwenye apu ya GameChanger, matokeo kila mpira na mara nyingine video. Timu nyingine zimefungwa, wazazi tu ndio wanaona, ukikuta hivyo achana nayo.

Sasa usikae kuangalia homurani tu. Mfano kecha: makocha wanapima muda kuanzia mpira unapogonga glavu yake mpaka unapoingia kwenye glavu ya mwenzake pale besi ya pili, umbali wa karibu futi 85. Sekunde 1.8 au chini yake ndio unaanza kuzungumzia timu kubwa. Hii unaweza kuipima mwenyewe ukiwa kitandani. Klipu ikiwa YouTube isimamishe, kwenye kompyuta bonyeza kitufe cha nukta, video inasogea fremu moja moja, kitufe cha koma kinairudisha nyuma. Anza kuhesabu fremu ambayo mpira unagusa glavu ya kecha, acha fremu ambayo glavu ya besi ya pili inafunga. Video ya fremu 30 kwa sekunde, ukipata fremu 54 hiyo ni 1.8 kamili, ukipata 60 hiyo ni sekunde 2 na mkimbiaji wa chuo keshafika anapangusa vumbi. Pima mipira kadhaa, tena ya mechi, zile klipu za mazoezini kecha anajua anarusha wapi kabla mpira haujafika.

Njia hiyohiyo inafaa kwa wale wapigaji wa kushoto wanaopiga huku wanakimbia. Hesabu toka gongo linapogusa mpira mpaka mguu unakanyaga besi ya kwanza, futi 60, mtu wa sekunde 2.8 kushuka chini ni mbio kweli.

Ila usijaribu hivyo kwa pitcha! Sehemu ya pitcha iko futi 43 toka homu, na akishapiga ile hatua yake ndefu anauachia mpira kama futi 37 hivi kutoka kwa mpigaji, mpira wa maili 60 kwa saa unafika kwa sekunde 0.42, yaani fremu 12 au 13. Ukikosea fremu moja tu umempa maili 5 ambazo hana. Kwa pitcha angalia vitu vingine. Ana mpira wa kupolepole ambao anaurusha kwa mkono na mwili uleule kama wa kasi? Wapigaji wanazungusha gongo mapema wakiyumba, au wanausubiri? Akibanwa, besi zimejaa, mpira anauweka pembeni pembeni au anaanza kuurusha katikati? Pitcha wa maili 63 mwenye mipira mitatu ya kueleweka mimi namchukua mbele ya wa maili 68 mwenye mmoja, kwa sababu wapigaji wa chuo kasi wameshaizoea na wakishakuona mara ya pili kwenye mechi hiyohiyo wanakuumiza.

Hatua ya 5: Takwimu za shule, kwa tahadhari

Tovuti ya MaxPreps ina takwimu za shule nyingi. Mpigaji wa wastani wa .600, yaani hiti 6 kila akipiga mara 10, kwenye wilaya dhaifu hakuambii kitu. Kwa pitcha angalia anatoa wangapi kwa straiki tatu ukilinganisha na anaowapa besi ya bure, hiyo ndio inasafiri vizuri mpaka chuoni. Tusikae sana hapa.

Hatua ya 6: Ahadi ya mdomo sio saini

Ile picha ya X ni ahadi ya mdomo. Haimfungi binti wala chuo. Saini inakuja Novemba ya mwaka wake wa nne, na ile barua maarufu ya National Letter of Intent iliyokuwepo tangu 1964 ilifutwa Oktoba 2024, sasa wanasaini mkataba wa msaada wa fedha na chuo. Mpaka asaini, kocha haruhusiwi kumzungumzia hadharani, kwaiyo ukiona Gasso au kocha wako kimya usitafsiri kwamba hamtaki. Kwenye shiti tumia rangi mbili, njano ameahidi, kijani amesaini, na kijani iwekwe chuo chenyewe kikitangaza.

Hatua ya 7: Waache watoto wapumue

Hili nalisema kwa moyo wote. Hawa wana miaka 16, 17. Usiwaingilie inboksi kuwashawishi, usiwatukane wakibadili mawazo, usiwaandikie chini ya picha kwamba walirusha vibaya jana. Kama umewahi kukichangia chuo hela ndio kabisa, sheria za NCAA zinakukataza kumshawishi mchezaji na unaweza kuiletea timu yako matatizo. Pongezi moja siku akisaini inatosha. Na habari za shule anayosoma, ratiba yake, anakaa wapi, hizo kwenye shiti ya kushea hazihitajiki.

Hatua ya 8: Usiifunge faili akishafika

Sisi tuliokua na usajili wa Simba na Yanga tunaelewa haraka, dirisha la uhamisho sasa ni sehemu ya kila timu. Mchezaji anaweza kuhama na kucheza mwaka unaofuata bila kukaa benchi. Jordy Bahl alitoka Papillion, Nebraska, akaja Oklahoma, akachukua ubingwa 2022 na 2023, ule wa pili akiwa mchezaji bora wa fainali, na siku chache baadae akatangaza anarudi nyumbani kuchezea Nebraska. Aliumia goti mechi ya kwanza ya 2024, msimu ukaisha palepale, alafu 2025 akarudi anarusha na anapiga vilevile. NiJaree Canady, pitcha wa kutoka Topeka, Kansas, alianza Stanford, 2024 akaenda Texas Tech kwa mkataba wa zaidi ya dola milioni moja, na 2025 Texas Tech wakafika fainali ambayo Texas waliichukua.

Kwaiyo jina la binti uliyemkosa akiwa na miaka 16 usilifute, liweke kwenye ukurasa wa pili wa shiti na chuo alichoenda. Kila Juni msimu ukiisha rudi hatua ya 2, toa waliomaliza, toa walioingia kwenye dirisha, ingiza waliosaini, hesabu tena mpaka 25 uone nafasi zipi ziko wazi, alafu fungua ule ukurasa wa pili uangalie nani anacheza nafasi hizo na ana miaka mingapi imebaki. Mechi za kwanza za wageni utaziona Februari kwenye mashindano ya wikendi ya jua, Puerto Vallarta kule Mexico na California, makocha wanawapa nafasi sana mapema kabla ligi haijaanza, na nyingi zinapatikana kwa strimu.